Halua ya Nungwi

Agosti 1994 tulisafiri kwa jahazi, mimi na familia yangu, kutoka Unguja mjini kwenda Pemba. Tulitia nanga Nungwi kungoja maji yajae. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka saba. Nikamteremsha pwani, nikamnunulia nusu kilo ya halua, iwe yake peke yake kama nilivyomwahidi. Watoto wa pale wakatuzunguka. Nikamwamuru agawe. Aligawa huku analia, nami nikajiona mlezi mwema.

Nahodha akaniuliza, "Mwalimu, hapo aliyetoa ni nani?" Nilikasirika. Leo nakiri: mtoto hakutoa, alinyang'anywa, na ukarimu wangu ulikuwa wa mali isiyo yangu. Lakini je, ningewaacha wale watumbue macho tu? Fedha ya kununua nyingine nilikuwa nayo mfukoni.

Tulipofika Mkoani nilimnunulia nyingine. Hakuifungua.