Uzima wa Chambo

Wavuvi wa sangara wanaotumia ndoano Ziwa Victoria hubeba kambale wadogo wakiwa hai. Huwabadilishia maji, huwakinga na jua, hawawarundiki ndani ya ndoo. Kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana huvumilia ndoo kuliko furu. Kisha ndoano hupitishwa kwenye nyama ya mgongo ili aendelee kuchezacheza, maana sangara huvutwa na kinachotikisika.

Je, huko ni kutunza? Nina kipimo kimoja: faida ikiisha, ungeendelea? Kwa kipimo hicho, ndani ya ndoo hamna utunzaji, kuna uangalifu tu. Afya ya kambale ndiyo inayomfaa sangara.

Hata hivyo siuiti ukatili haraka. Mimi hununua sangara sokoni Kirumba akiwa minofu, sijui aliliwa nini kwanza. Mvuvi anajua, kwa sababu ameangalia. Na anayejua anadaiwa: achukue chambo kinachotosha ndoano zake, asiwaache wengine wafe ndooni bure. Deni hilo halimwishii mvuvi. Linamfikia na mlaji, akishajua.