Nani Atamwambia?



Wapendwa vijana, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi tunalikwepa: kumwambia mwenzako kwamba ananuka kikwapa. Je, kunyamaza ni upendo?

Niliwahi kusimamia duka la vifaa vya ujenzi. Stoo alikuwepo kaka mmoja, mchapakazi kweli, kanizidi umri. Tatizo lilikuwa harufu. Wateja walirudi nyuma, wenzake walifungua madirisha akiingia. Mimi nikanyamaza, nikijiambia kwamba nikisema nitamvunjia heshima. Nikanunua manukato nikayaweka mezani, eti ataelewa mwenyewe. Hakuelewa.

Ila mchana tukikaa kula, tulimcheka, na mimi nilicheka. Siku moja nikichunguza dhamiri kabla ya kitubio, nikashtuka. Watu sita tulikuwa tumelijadili jambo lake mwezi mzima, na yeye peke yake ndiye hajaambiwa. Hiyo ilikuwa heshima gani? Nilikuwa namsengenya, halafu najiita mstaarabu.

Katika Mathayo sura ya 18, Yesu anafundisha kwamba ndugu yako akikosa, umwendee kwanza mkiwa wawili tu. Sasa, kunuka jasho si dhambi, na kaka yule hakunikosea chochote. Lakini kama hata mkosaji anastahili kuambiwa faraghani, si zaidi sana mtu asiye na kosa?

Basi nikamwita jioni, wengine wameshaondoka. Sikusema "watu wanalalamika", maana angeanza kumshuku kila mtu. Nikasema, "Kaka, samahani, nina jambo gumu kidogo. Siku hizi nguo zako zina harufu ya jasho, nimeisikia mwenyewe. Ingekuwa mimi, ningependa niambiwe."

Akainamisha kichwa. Baadaye akasema, "Asante, dada. Mwenyewe nilikuwa nahisi."

Kumbe alikopanga maji hayatoki. Ananunua kwa dumu, na mengi yanaishia kwenye kupika na kumwogesha mtoto. Halafu shati la sare alikuwa nalo moja tu! Anabeba simenti kutwa, usiku analifua, asubuhi analivaa bado bichi. Na aliyegawa sare hizo, shati moja kila mtu, ni mimi.

Yaani nilikwenda kumrekebisha, nikarudi nimerekebishwa mimi. Tuliongeza mashati kwa watu wote wa stoo, na bafu la nyuma lililojaa makopo ya rangi tukalisafisha ili mtu aoge kabla ya kwenda nyumbani. Wale wa mezani sikuwasimulia habari za kwake. Niliwaambia tu kwamba mazungumzo yale yameisha, na kwamba mimi ndiye niliyekosea kuyaacha yaendelee.

Tangu hapo namkumbuka Martha kwenye kaburi la Lazaro. Alimtahadharisha Yesu kuhusu harufu, na harufu ilikuwa ya kweli. Yesu hakujifanya haipo, wala hakuondoka. Alitaka jiwe liondolewe hivyo hivyo.

Mpendwa kijana, kazini kwako au kwenye jumuiya, yupo mtu ambaye wote mnamjadili isipokuwa yeye? Sali kwanza, kisha mwendee peke yako. Na ukishasema, kaa usikilize, maana huenda naye ana la kukuambia.

Ee Yesu, uliyeosha miguu ya mitume wako, utufundishe kuwasogelea ndugu zetu bila dharau. Amina.