Mche wa Shule na Daftari la Kweli

Ndugu msomaji, huenda mtu akauliza: Mwanafunzi apandaye mti ili ajifunze kazi itakayompatia riziki kesho, je, ametenda wema au amefanya biashara tu? Swali hili si dogo. Ikiwa kila jema litatendwa kwa kutazamia faida, wema wenyewe utabaki wapi? Na ikiwa tutamkataza kijana asiifikiri riziki yake, tutamtwika mzigo ambao sisi wazee wake hatuuchukui.

Natuitazame kwanza kazi yenyewe. Katika kitalu cha shule mwanafunzi huchanganya udongo na samadi, hujaza viriba, hutia mbegu na kuzijengea kivuli. Siku za kuhamisha zikaribiapo, huizoesha miche jua kidogo kidogo. Shambani hupima nafasi kwa kamba na vigingi: miti ikiachana mita 2.5 kila upande, hekta moja huchukua miche 1,600. Kisha huandika daftarini mbegu zilizotiwa, miche iliyoota, iliyouzwa na iliyokufa. Basi hapana shaka kwamba humo mna elimu ya bwana miti, ya karani na ya mfanya biashara.

Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alieleza katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule za Tanzania ziwe pia mahali pa uzalishaji, na wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Nia ilikuwa njema. Lakini katika baadhi ya shule jembe lilifanywa adhabu ya mchelewaji, na kijana akatoka shuleni akilichukia. Kumbe kazi ile ile yaweza kumlea mtu, na yaweza kumharibu.

Ni kitu gani basi kinachotenganisha? Jawabu letu ni uaminifu.

Tuseme shule imepanda miche 400 wakati wa masika. Wageni wamekuja, hotuba zimetolewa, na kila mtu amekwenda zake. Mwezi wa Juni shule hufungwa, na mvua nayo imekwisha. Wanafunzi wanaporudi, miche 150 imekauka. Kijana mwenye daftari ameshika kalamu. Je, aandike 400 au 250? Hakuna amwonaye ila Mola wake. Hapo ndipo penye mtihani wa elimu yote aliyoipata.

Mtu atasema: Hesabu ya kweli itaiaibisha shule. Twajibu: Aibu ya leo ni dawa. Aandikaye kwamba miche 150 imekufa atauliza imekufa kwa nini, na mwaka ujao atapanga zamu ya kumwagilia siku za likizo. Lakini aandikaye 400 amejifunza ustadi mmoja tu, nao ni kudanganya. Na ustadi huo ataupeleka benki, hospitalini na serikalini.

Hata malipo si adui wa wema, maadamu yamefungwa na ukweli. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha mwaka 1977 kazi ya kupanda miti nchini Kenya, iliyokuja kujulikana kwa jina la Green Belt Movement, akina mama walipewa fedha kidogo kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila mche uliotiwa shimoni. Hivyo haja ya mama na uhai wa mti vilikwenda njia moja. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Basi riziki haiuharibu wema. Uongo ndio uuharibuo. Dini ya Islam yafundisha kwamba apandaye mti huandikiwa sadaka kwa kila kiumbe kilacho matunda yake, awe mtu, mnyama au ndege. Wala haimwekei sharti kwamba yeye mwenyewe asile. Mwanafunzi ataondoka shuleni kabla mti haujatoa kivuli. Atakwenda na ujuzi wake mkononi, naye atamwachia kivuli mtoto asiyemjua. Faida zote mbili ni halali, ikiwa mti uko hai kweli.

Enyi walimu na wazazi, mtoto akirudi na habari kwamba shule yake imepanda miti, msimwulize ni mingapi iliyopandwa. Mwulizeni ni mingapi iliyo hai, na ni nani aliyeimwagilia.