Frateri, ni mawazo ndiyo yamemletea mama saratani?



Wapendwa vijana, swali hilo niliulizwa na binti mmoja wa VIWAWA baada ya semina, katika kigango kimoja upande wa Biharamulo. Mama yake amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi, na ndugu wameshatoa hukumu: aliwaza sana tangu baba alipoondoka, hakusamehe, uchungu ukageuka ugonjwa. Tiba yao imetoka humo humo. Asamehe, afunge, anywe majani fulani. Safari ya Mwanza isubiri kwanza.

Nalijibu hapa kwa sababu Ngara nako nimelisikia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata wakati fulani, wakiwemo wake waaminifu kabisa kwenye ndoa zao, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kisipoondoka kinaweza kukaa miaka mingi kabla saratani haijatokea. Kwa mwanamke anayeishi na VVU hatari ni kubwa takribani mara sita. Kuhusu msongo wa mawazo, watafiti wamelichunguza jambo hilo kwa muda mrefu na hawajapata ushahidi thabiti kwamba mawazo peke yake yanaanzisha saratani. Ila mwenye msongo hukimbilia sigara na pombe, na hivyo viwili vinaongeza hatari ya saratani kadhaa, bila ubishi. (Vijana wa kiume mnaomalizia Jumapili kwenye rubisi, hapo napita tu, sikai.)

Sasa fungua Yohane sura ya 9. Wanafunzi wanamwona kipofu, na kitu cha kwanza wanachotaka kujua ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa swali lenyewe. Tukimwambia mama kwamba uvimbe wake umetokana na kinyongo, tumelirudisha swali lile lile, tumelibadilishia nguo tu. Zamani tulisema dhambi, leo tunasema "stresi". Mgonjwa anabaki na mizigo miwili: saratani, na lawama ya kuwa ameileta mwenyewe.

Je, moyo hauna kazi basi? Unayo, tena kubwa. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Charmides, anamfanya Sokrate aeleze mafundisho ya mganga wa Thrakia: usitibu jicho ukasahau kichwa, wala kichwa ukasahau mwili, wala mwili ukasahau roho. Ndugu wa yule mama wangepiga makofi hapo. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatukumbusha upande mwingine: mimi si roho yangu tu. Mwili huu nao ni mimi. Kwa hiyo anayesema "tutibu chanzo, yaani moyo, hospitali baadaye" hajamtibu mtu mzima. Amemkata vipande viwili, kimoja akakiacha kioze.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anapanga mambo vizuri kuliko sisi. Mgonjwa asali, aache uovu, atoe sadaka, kisha ampe daktari nafasi yake, asimwache aende zake. Vyote, kwa mtu mmoja. Na anakubali kwamba dawa hutoka ardhini, kwa hiyo sicheki majani ya mtu. Nasema daktari aambiwe, maana mengine hugongana na dawa za saratani. Wakubwa wetu wanakumbuka 2011, watu walivyomiminika Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500. Wako walioacha dawa zao wakiamini wamepona.

Daktari mmoja Mwingereza, Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani yako mwilini, akilini, katika mahusiano na rohoni kwa pamoja. Hakumwacha mtu aumie ili asali vizuri. Alitoa morfini kwanza. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman akaleta huduma ya namna hiyo Kampala, na morfini ya maji ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake.

Kwetu ingekuwaje? Mama aende Bugando, hospitali ya maaskofu wetu, ambako saratani inatibiwa. Paroko ampe Mpako wa Wagonjwa kabla ya safari, maana sakramenti hii si ya anayekata roho tu. Yakobo sura ya 5 anasema mgonjwa awaite wazee wa Kanisa. Jumuiya ichange nauli, lakini isiishie kwenye nauli. Nani atapalilia maharage yake? Nani atalala na watoto? Mara nyingi mgonjwa anakatisha matibabu kwa sababu ya mambo hayo, na sisi tunasema imani yake ilipungua. Kusamehe asamehe, kwa amani yake na kwa neema ya Mungu. Akishindwa mwezi huu, asiambiwe kwamba ndiyo maana uvimbe haupungui.

Na nyie wadada: chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Yale maneno kwamba inafunga kizazi si kweli. Mwenye mdogo wake wa umri huo aulize kituo cha afya. Na mwenye mama, shangazi, mama mkubwa, amshawishi akapime. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, ni dakika chache. Akina mama wa WAWATA wakipanga kwenda kwa kundi baada ya Misa, aibu inapungua sana.