Tairi Mpya, Usukani Unatetemeka

Jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam alinunua tairi nne mpya, safari ya Dodoma ikiwa imekaribia. Fundi alipomaliza kuzivisha kwenye rimu akamuuliza, "Bosi, tubalansi?" Akajibu kwamba tairi ni mpya, apewe gari lake aondoke. Ni nani kati yetu asingeshawishika kujibu hivyo, mfuko ukiwa umeshatoboka?

Lakini hata tairi mpya huwa na upande uliozidi uzito kidogo, na rimu nayo vivyo hivyo. Kwenye foleni ya mjini huwezi kugundua. Ukifika kilomita 100 kwa saa, gurudumu la gari dogo huzunguka karibu mara 14 kila sekunde, na ule upande mzito hupiga kila mzunguko.

Dalili zilimjia mapema. Alipoipita Kibaha na kukaza mwendo, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Akipunguza unatulia, akikaribia 90 unarudi. Mkewe akamwonyesha maji ya chupa yanavyocheza hata penye lami safi. "Mama watoto, malori yameiharibu hii barabara," akasema, akaendelea. Jamani, mtetemeko unaokuja kwa mwendo fulani na kutoweka kwa mwendo mwingine, msiisingizie barabara! Ukiusikia kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti, tazama ya nyuma. (Gari kuvuta upande mmoja ni jambo jingine, hiyo mara nyingi ni alaimenti.)

Miezi ikapita. Tairi za mbele zikalika mabakamabaka, ukipitisha kiganja unahisi mabonde. Ukaja mvumo. Akaambiwa ni beringi, akabadilisha, mvumo ukabaki palepale. Mwishowe fundi mwingine akalipandisha gurudumu kwenye mashine ya kubalansi: lilihitaji gramu 60. Vipande vya risasi vikagongwa kwenye ukingo wa rimu, usukani ukatulia. Mvumo haukuisha, kwa sababu mpira ukishalika hivyo haurudi. Ikabidi anunue tairi mbili nyingine.

Ndugu msomaji, ukivisha tairi simama karibu na mashine, na usiondoke mpaka kioo chake kisome sifuri, upande wa ndani na wa nje. Na usukani ukianza kutetemeka baadaye, chungulia kwanza kama kipande cha risasi kimedondoka au tope limegandia ndani ya rimu, kisha umrudie fundi kabla ya safari.