Mwili wa Mchezaji ni Mali ya Nani?

Msomaji, ukifika Ngara katika mji wa Nairobi utaiona nyumba iliyokuwa zamani sinema ya Shan. Leo huitwa Sarakasi Dome, na vijana hufundishwa humo sarakasi na kucheza ngoma. Kijana aingiaye huenda hana rasilmali nyingine ila viungo vyake.

Umezuka duniani ufundi ambao vijana wa kazi hii yafaa waupime mapema. Mchezaji hufungwa mkononi au mguuni kihisi, yaani kidude chepesi kipimacho mwendo na mzunguko. Habari zake hupita hewani mpaka kwenye kompyuta, nayo huzigeuza kuwa picha ukutani: mkono ukiinuka rangi hupanda, mwili ukizunguka nuru huzunguka nao. Usidhani wazo lenyewe ni geni. Wachezaji wa Pemba hufunga miguuni msewe uliao kwa kila hatua, hata ngoma yao ikaitwa kwa jina hilo. Na mwaka 1965, mjini New York, wachezaji wa Merce Cunningham walicheza kati ya nguzo za umeme zilizogeuza mwendo wao kuwa sauti.

Walakini iko tofauti kubwa. Mlio wa msewe hufa mara mguu utuliapo. Kihisi chaweza kuweka kumbukumbu. Mwendo uliopimwa leo waweza kunakiliwa, ukachezwa na sanamu ya nuru hali mchezaji mwenyewe amezeeka, au amevunjika mguu na hana chakula. Je, mwendo huo ni wa nani?

Wako wasemao ni wa mwenye mtambo, kwa kuwa pasipo mtambo kisingeonekana kitu. Hoja hii naiona dhaifu. Mwenye ngoma hakudai kamwe miguu ya waichezao. Mtunga programu ana jasho lake, nami simnyimi ujira. Na mwalimu aliyerithisha hatua ile ana haki yake pia, ingawa aghalabu husahauliwa. Lakini maungo yaliyochoka ni ya mmoja tu.

Utasema alitia sahihi kwa hiari. Hiari gani ya mtu mwenye njaa, mbele ya karatasi asiyoielewa? Basi akiletewa kidude hicho, na aulize kabla ya kukifunga: mwendo wangu utachezwa wapi tena, mara ngapi, na kwa malipo gani?