Bibi Aliacha Majina, Sisi Tukajadili Marumaru



Kijana mwenzangu, leo tumtazame mwanamke ambaye tumezoea kumwita mama wa Agostino, tukasahau kwamba alikuwa pia bibi. Ni Mtakatifu Monika, wa Tagaste, Afrika Kaskazini, nchi tunayoiita leo Aljeria. Mjukuu wake, Adeodatus, alibatizwa pamoja na baba yake Agostino usiku wa Pasaka mwaka 387, kule Milano, kwa mikono ya Askofu Ambrosi. Hebu fikiria furaha ya huyo bibi! Mtoto aliyemlilia miaka na miaka, na mjukuu juu yake, usiku mmoja.

Katika Maungamo, Agostino anasimulia kwamba mama yake alikwenda kanisani mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Na wala hakwenda kupiga soga. Nilipoisoma sehemu hiyo nikiwa mwaka wa falsafa nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimwona bibi yangu mzaa mama: Misa ya kwanza, kitenge cha WAWATA, rozari iliyokatika ikaungwa kwa uzi mweusi.

Bibi alifariki mwaka jana Dar es Salaam, alikokuwa akitibiwa. Tukamsafirisha hadi kijijini, tukamzika vizuri. Baada ya arobaini kikaja kikao cha ukoo. Basi, saa nzima na zaidi tukajadili kaburi: marumaru nyeusi au nyeupe, nani achangie kiasi gani, jina la nani litangulie. Wajomba wawili wakaacha kusalimiana. Hakuna aliyeuliza Misa ya kumwombea bibi ni lini.

Sisemi kaburi zuri ni dhambi. Hata Monika alikuwa amejiandalia mahali kando ya mumewe, Patrisi, na alitamani sana kulala hapo. Lakini alipougua Ostia, bandari ya Roma, wakiwa njiani kurudi Afrika, aliliachia hilo. Mwanawe mmoja alisikitika kwamba mama atafia ugenini. Monika akawaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kuuzika mwili wake. Aliomba jambo moja tu: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Akafa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Adeodatus aliangua kilio, wakubwa wakamnyamazisha.

Sasa angalia Agostino alifanya nini. Alimshukuru Mungu kwa wema wa mama yake, kisha akauweka wema huo kando na kumwombea msamaha wa dhambi. Mama Monika! Sisi msibani tunamtangaza marehemu mtakatifu kabla jeneza halijashushwa. Unaonekana ni upendo, lakini matokeo yake tunaacha kumwombea, maana aliyekwisha fika unamwombea nini tena? Agostino alimpenda mama yake zaidi ya hapo. Hata wasomaji wake aliwaomba wamkumbuke altareni. Yaani kitabu kizima alikifanya pia kuwa nia ya Misa.

Bibi yangu aliyajua haya bila falsafa. Kila Novemba aliniita nimwandikie majina ya marehemu wake kwenye karatasi ya daftari: wazazi, mume, mtoto aliyekufa mdogo, hata jirani aliyegombana naye miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nikamuuliza, "Bibi, na huyu pia?" Akanijibu, "Huyo ndiye umwandike vizuri, mjukuu wangu. Hana watoto. Nani mwingine atamwombea?"

Siku iliyofuata kikao, mama yangu alikwenda kimya kimya ofisi ya parokia na jina la bibi. Jumapili ile wajomba wote wawili walikuja Misani. Hawakukaa benchi moja, na mpaka leo hawajapatana. Ila walipiga magoti kwa nia moja, na pa kuanzia ni hapo.

Kijana mwenzangu, picha ya bibi uliyoiweka status ukaandika "pumzika kwa amani" inafutika baada ya saa 24. Sio mbaya, lakini haitoshi. Wiki hii nenda parokiani, toa nia ya Misa kwa ajili yake, halafu uhudhurie mwenyewe. Na kama bibi yako yu hai, mpigie simu leo. Umwamkie, umwulize marehemu wake ni akina nani, na uandike. Akishaondoka, hayo majina yatabaki mikononi mwa nani kama si mwako?

Tusali: Ee Bwana, uwapokee mama na bibi zetu waliotufundisha ishara ya msalaba kwa kutushika mkono. Wasamehe walipokosea, uwalipe kwa walivyotupenda, na sisi utujalie tusichoke kuwataja mbele yako. Mtakatifu Monika, utuombee. Amina.